Mashine Hainywi, Inalamba

Novemba 9

Itangazwe kwa wakaaji wote wa nyumba hii, wa juu na wa chini, kwa majirani wa kulia na wa kushoto, na kwa yule paka asiye na mwenyewe, kwamba leo kabla ya saa sita mchana kabureta imewasili. Imesafiri kutoka China ndani ya mfuko wa plastiki. Mzee Ezéchias ameipokea mlangoni kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaipuliza. Umurerwa, mke wa mdogo wake, akauliza kama italala sebuleni au itapewa kitanda chake.

Ni ya mashine ya kutupa theluji. Mashine yenyewe Theogene alipewa na mzungu mmoja wa Lackawanna, jirani na hapa Buffalo, aliyehamia kwenye joto. Injini yake inanipita umri. Kabureta ya zamani ililiwa na esanse, yaani petroli, iliyolala ndani yake miaka mingi, ikaota unga wa kijani. Ya kiwanda haitengenezwi tena. Hii mpya ni ya kuigiza, inafanana na ile ya kwanza jinsi shemeji anavyofanana na ndugu.

Theogene ndiye mwenye nyumba. Anakaa chini na mkewe na binti yao Teta. Ezéchias ni kaka yake mkubwa, amefiwa na mke, analala chumba kidogo cha nyuma. Bega lake la kulia liliharibika ghalani kwenye maboksi, na tangu hapo hana kazi. Mimi, Zihindula, ni mpangaji wa juu. Kazi yangu ni kuogesha wazee katika nyumba ya wazee. Wao ni Banyamulenge wa milimani, na Wapentekoste. Mimi ni Mshi wa Bukavu, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Mpangaji ni mtu anayesikia yote na haulizwi kitu.

Novemba 10

Nyumba hizi za mbao zina matundu sakafuni ya kupandisha joto kutoka chini. Joto linafika kidogo. Maneno yanafika yote.

"Yaya," Theogene alimwita kaka yake baada ya kula, "tuongee kama wakubwa. Kwa Sipriani kule Columbus iko chumba, chini ya nyumba. Iko na joto."

Sipriani ni mtoto wa dada yao.

"Niko na chumba hapa," Ezéchias akajibu.

"Bon. Masini ikiwaka, na ikifanya theluji yote ya hii baridi, unabaki. Utafanya hapa kwetu, utafanya kwa kanisa, majirani batakuita. Ikikatala, unaenda Columbus. Hii nyumba haiwezi kubeba mutu wa kukaa tu."

"Na mama Nyirangabo?"

Huyo ni marehemu mkewe. Alizikwa Lackawanna mwaka juzi, na kila Alhamisi mzee hupanda basi kwenda kumsalimia.

"Yaya, mama Nyirangabo hana haraka."

Umurerwa alicheka, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa tangu mwanzo.

"Masini itawaka," Ezéchias akasema. "Mi nilikuwa nawasha masini wakati wewe unachunga ndama."

Novemba 11

Upepo wa ziwani. Dada yangu Nabintu amepiga simu kutoka Louisville. Bado analala kwenye kochi la sebule ya watu, bado anakata kuku kiwandani, anataka kuja Buffalo. Nimemwambia kuna chumba huenda kikafunguka. Nilipokwisha kusema ndipo nikatambua ni chumba kipi.

Novemba 12

Nimemuuliza Theogene, kwa kuzunguka, kama kile chumba cha nyuma siku moja kitapangishwa. "Tutaona, Zihindula." Kwa mwenye nyumba, tutaona ni nusu ya ndiyo.

Novemba 13

Nimeshuka garaji kutazama operesheni.

"Wewe mutu ya Bukavu unajua masini?" mzee akaniuliza.

"Ninajua kuziangalia."

"Basi angalia."

Kabureta haikukubali kukaa. Matundu ya boliti yalilingana, lakini kitundu cha kushikia waya wa gavana, ule unaozuia injini isikimbie ovyo, kilikuwa upande usio wake. Akaukunja waya kwa plaisi, akaupima, akaukunja tena. Gasketi ya kuziba maungio iliyokuja nayo ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Akachukua boksi la chakula cha asubuhi cha Teta, akalilaza juu ya chuma, akaligongagonga kwa nyundo ndogo mpaka kingo zikajikata zenyewe. Ikatoka gasketi safi yenye nusu ya picha ya sungura. Nilikuwa nimekuja kucheka. Nikajikuta nimeshika tochi.

Chini ya kabureta kuna skrubu moja ya shaba. Ukiikaza, esanse inapungua, ukiilegeza, inaongezeka. Mzee aliikaza mpaka karibu na mwisho, bila kufikiri, jinsi mtu anavyofunga kifungo cha shati.

"Si umekaza sana, mzee?"

"Kule juu nilikuwa na masini ya kusaga mahindi. Na pikipiki zote za misheni zilipita kwa hii mikono. Sikia neno moja, ulibebe: masini hainywi. Masini inalamba. Ukiipatia mingi inatoa moshi mweusi, inakufa."

Alisema kwa upole sana, na mimi nilipanda juu nikicheka neno kulamba.

Novemba 14

Imewaka. Sauti inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, haitulii. Mzee anasema inazoea.

Novemba 17

Haijazoea.

Novemba 23

Teta amempiga video akivuta kamba ya kuwashia. Ameiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, ambacho mimi nimo kwa sababu Theogene hupitishia humo matangazo ya takataka na ya maji. Kwenye video mashine inaimba wimbo wake, vuum juu, vuum chini, na mzee, bila kujua, anainamisha kichwa na kukiinua pamoja nayo. Kabla ya jioni Sipriani alikuwa ametuma sauti kutoka Columbus: "Shikamoo muzee Panda-Shuka." Ndugu zao wa Louisville wakaitikia kwa vicheko. Sasa hakuna anayemwita Ezéchias.

Mzee alimuuliza Teta kwa nini. Akajibu kwa Kiingereza kwamba ni mchezo tu, akarudi kwenye simu yake. Mzee hana Kiingereza hicho. Akaniuliza mimi amesema nini. Nikamtafsiria.

Desemba 3

Kitu kimoja nimekiona. Mzee akivuta choki nusu, mashine inatulia. Akiirudisha, panda-shuka. Choki ni kuinyima hewa. Sasa mashine inayotulia ikinyimwa hewa ni mashine yenye njaa ya esanse.

Sikusoma ufundi, nilisoma biskuti. Zamani nilikuwa nachukua biskuti Uvira, chini kando ya ziwa, nazipandisha kwenye masoko ya kwao milimani. Tukifika juu, kila pakiti imevimba kama shavu, maana kule hewa ni nyembamba. Mikono ya mzee Ezéchias ilijifunza kazi mahali ambapo biskuti zinavimba. Pale mashine hulamba kweli, na anayeipa zaidi anaiua. Hapa Buffalo tuko chini, na baridi inaifanya hewa kuwa nzito zaidi. Hapa inataka kunywa. Hakosei kwa ujinga. Anakosea kwa ujuzi, na hata fundi mbovu wa Bukavu asingelikosea hivyo.

Nilishuka nimwambie. Katikati ya ngazi Nabintu akapiga. Nikaketi palepale tukaongea habari za chumba, dirisha linatazama wapi, kama kabati linaingia. Tulipomaliza nilipanda juu.

Desemba 8

Jumapili. Wote wa chini wameenda kanisani. Ibada yao ni ndefu na misa yangu ni fupi. Hiyo ndiyo tofauti ya madhehebu ninayoifahamu vizuri.

Nimeingia garaji. Nikatia alama ya penseli pale skrubu ilipokuwa, nikailegeza mzunguko mmoja na kitu. Nikavuta kamba. Ikashika, ikapanda, na ikabaki kulekule juu, imetulia kama cherehani. Nilisimama nikiisikiliza muda. Gasketi ya sungura haikuvuja tone. Waya aliokuwa ameukunja kwa macho tu ulikuwa unacheza sawasawa. Kazi yote ya mzee ilikuwa nzuri, isipokuwa ile robo ya dakika aliyoikaza skrubu.

Kisha nikaizima, nikaikaza skrubu mpaka kwenye alama, nikaifuta alama kwa kidole. Kitu cha mtu ukiache kama ulivyokikuta.

Desemba 9

Panda-shuka tangu asubuhi.

Desemba 19

Mzee amepanda kwangu kwa mara ya kwanza. Nimempa chai ya maziwa. Bega limevimba kwa kuvuta kamba, sasa anavuta kwa mkono wa kushoto.

"Wewe unasoma sana," alisema. "Mu telefone banasema je juu ya hii kabureta?"

"Wanasema ya China ni ya China, mzee."

"Ni kweli."

"Wanasema inataka uvumilivu."

"Hiyo hata mi naijua." Akazungusha kikombe. "Mudogo wangu anataka niende. Uko nasikia kwa ile tundu, usikatae. Columbus si mubaya. Lakini Nyirangabo hakuwa napenda kukaa peke yake. Hata sokoni nilikuwa namusindikiza, batu banacheka. Mutu akizoea kusindikizwa, utamwambia nini?"

"Mashine itatulia, mzee."

Akanishukuru kwa chai. Kabla ya kulala nimeyapitia maneno yangu yote tena. Hakuna uwongo hata mmoja.

Desemba 25

Sambusa zimepanda kutoka chini. Kupitia tundu nimemsikia Theogene akiombea mashine mezani, kwa jina la muzee Panda-Shuka, wageni wakisema amina katikati ya kicheko. Ezéchias naye alisema amina. Ya kwake ilichelewa kidogo.

Januari 11

Baridi ya kupasua mdomo. Theluji ni ndogondogo, ya kuzolewa kwa koleo, haihesabiki kwenye mtihani wa mashine.

Zamani nilimwona Theogene kuwa mtu wa haki: kaka mzima bila kazi, na bado anamlisha. Leo amewaleta wanaume wawili wa kanisa garaji, amewaonyesha mashine kama mtu anavyoonyesha gari lililopata ajali. "Nilimupatia nafasi," aliwaambia. "Mungu ni shahidi." Ezéchias alikuwa amesimama hapohapo na kitambaa mkononi. Nilichukia. Nilichukia mpaka nikakumbuka skrubu, ndipo nikaona heri nichukie polepole.

Januari 25

Theluji ya ziwani imeanguka usiku mzima na mchana mzima. Asubuhi hii mlango wa mbele haukusukumika. Theogene alipitia dirishani na kuuchimbua kwa nje. Barabara haionekani, magari ni matuta. Ndiyo theluji ya yale mapatano ya Novemba.

Mzee alikuwa amekwisha kuvaa. Alitoa mashine garaji kwa kuikokota, akaifuta, akaisimamisha mbele ya ukuta mweupe uliomfika kifuani. Theogene alisimama barazani na simu, Columbus na Louisville wote wamejaa ndani ya kioo.

"Munaona? Leo njo siku ya muzee Panda-Shuka. Sipriani, uko hapo? Tandika kitanda."

"Kimetandikwa, mjomba," ikasema simu.

Mashine iliwaka. Iliingia ukutani, ikauma, ikatupa theluji juu ya uzio kwa upinde mzuri, na kwa kitambo kidogo nikaogopa. Kisha ikashuka sauti. Ikapanda. Ikashuka, ikazima. Mzee akavuta choki nusu, akavuta kamba kwa mkono wa kushoto, ikashika. Ilipokutana na uzito, ikazima. Akavuta. Ikazima. Uso wake ulikuwa na jasho na jasho likawa linaganda kwenye nyusi.

Mimi nilikuwa kwenye ngazi za nje. Aliinama kando ya kabureta, na ile skrubu ya shaba ilikuwa karibu na goti lake; bisibisi ilichungulia kwenye mfuko wake wa koti. Ningeweza kusema neno moja: legeza. Ni silabi tatu.

"Pumzika, mzee," nikasema.

"Yaya, acha," Theogene akaita. "Ng'ombe ikizeeka, kwetu tunafanya je?"

Ezéchias alinyoosha mgongo. "Kwetu ng'ombe ikizeeka tunaipeleka kwa majani malaini. Umesahau. Ulitoka kule mudogo."

Theogene akatazama viatu vyake. Kisha sauti ya mwanamke wa Louisville ikasema, "Basi Columbus iko na majani mingi," na wote wakacheka, na mimi nikacheka. Lilikuwa jibu zuri, siwezi kulinyima haki yake.

Mzee aliirudisha mashine garaji, akachukua koleo, akaanza mlangoni. Alichimba kwa mkono mmoja na nusu, wa kulia ukisaidia tu kuelekeza. Umurerwa alimletea kofia. Theogene aliendelea kuwaonyesha mpaka simu ikaishiwa moto, akaingia ndani. Hakuna aliyechukua koleo la pili, ingawa lipo, limening'inia nyuma ya mlango wangu.

Alipofika barabarani nilidhani amemaliza. Akageuka, akaanza kulichimbua gari langu.

"Acha, mzee, nitafanya mwenyewe."

"Wewe uko na kazi," alisema. "Bale bazee banakungojea."

Nilifika kazini kwa wakati.

Januari 26

Mzee hawezi kuinua kikombe.

Februari 9

Ameondoka. Begi moja, na mfuko wa vyombo vya kazi ambao Theogene alisema uachwe, na mzee akasema hapana, neno pekee alilomkatalia wiki hii. Umurerwa alifunga chakula cha njiani. Teta alimkumbatia kwa mkono mmoja.

Mimi nilimbebea begi hadi garini. Alinishika kiwiko.

"Alhamisi, kama uko na nafasi, umupitie Nyirangabo. Si lazima useme kitu. Simama tu, aone mutu."

Nikasema nitakwenda.

"Na ile masini, umwambie Theogene asiilazimishe. Iko na kitu yake. Sikukipata tu."

Februari 13

Alhamisi. Theluji. Sikwenda.

Februari 20

Alhamisi. Jua. Sikwenda.

Machi 2

Theluji tena, ya kufika magotini. Theogene alikuwa garaji akitukana kamba. Nikamwomba bisibisi, nikailegeza skrubu mzunguko mmoja na kitu mbele ya macho yake, kwa kuwa sasa hainigharimu. Ikawaka, ikapanda, ikatulia.

"Kumbe," Theogene akasema. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Hakuuliza nilijua tangu lini. Watu wa aina yake hawaulizi, na hilo linatufanya tuelewane.

Jioni kuna video mpya kwenye kikundi. Theogene anasukuma mashine, theluji inaruka mpaka kwa jirani. Ameandika chini yake: mikono ya baba yetu haipotei. Wamempongeza kutoka kila upande. Wa kwanza kutuma dole gumba alikuwa Ezéchias, kutoka Columbus. Baadaye akaongeza ujumbe wa sauti, mfupi: "Sikia vile inatulia. Mudogo wangu, ulifanya je?"

Theogene hajamjibu. Nimesikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko inavyohitajika ili kuuelewa.

Machi 19

Matope. Nabintu amewaaga kiwandani.

Machi 27

Alhamisi. Mvua.

Aprili 12

Hewa laini, madirisha ya mtaa wa Grant yamefunguliwa, maduka yametoa ndizi nje. Nabintu anafika Jumamosi ijayo na mizigo yake yote, kwa gari la mtu wa parokia. Nimeshuka kuomba ufunguo. Umurerwa alikuwa anaosha mlango wa kile chumba cha nyuma kwa sabuni.

"Unakitayarisha vizuri, mama Teta," nikasema. "Dada yangu atafurahi."

"Dada yako gani?"

"Nabintu. Wa Louisville. Anayechukua chumba."

Alikamua kitambaa kwenye ndoo. "Hiki? Hiki ni cha Ganza."

Ganza ni kijana wao mkubwa, yuko chuoni Albany. Sikuwa nimewahi kuona hata kiatu chake.

"Tangu lini?"

"Anamaliza masomo mwezi ujao, atalala wapi? Tulipatana zamani. Sisi wote tulikaa, na Sipriani alikuwepo, akasema sawa, muzee atakuja kwangu. Ni palepale kwa ile harusi ya Louisville. Theogene hakukuambia?"

"Na mashine? Alimwambia mzee ikiwaka atabaki."

"Aa, ile." Akatabasamu jinsi mtu anavyotabasamia akili ya mumewe. "Muzee akikaa bila kazi anaongea sana. Theogene alisema tumupatie kitu cha kufanya mpaka aende."

Kisha akaniuliza kama nitamshushia ndoo ile nyingine iliyoko juu, kwa kuwa ninapanda hata hivyo.

Nimepanda nikafungua kikundi, nikarudi nyuma mpaka kwenye picha za harusi hiyo. Ziko nyingi. Wanaume wamevua makoti, wanawake wanajipepea kwa sahani za karatasi, keki imeanza kuyeyuka. Tarehe imeandikwa juu ya kila moja. Ilikuwa Agosti.